Sifuri za Alimasi

Jumatatu, 4 Novemba

Nimewasha kompyuta za hospitali kabla jua halijapata nguvu. Betri zimelalamika. Printa ya wodi ya wazazi imemeza karatasi tena, nikaitapisha. Kisha kazi mpya ya leo: programu ya kuwaita akina mama.

Ni programu ndogo, nimeiandika mwenyewe. Wako akina mama huko milimani ambao mimba zao zinahitaji macho. Mwezi wa mwisho tunawaita washuke Baraka, wakae jirani na hospitali, wasije wakajifungulia barabarani. Miezi yote mume wangu Alimasi, muuguzi wa wazazi, alikuwa anawapigia simu mwenyewe, mmoja mmoja. Kuanzia leo mashine ndiyo inayotuma ujumbe. Ilipaswa kutuma, nataka kusema.

Imeanguka. Maneno mekundu kutoka juu ya skrini hadi chini.

Alimasi alichungulia, akaona wekundu, akafumba macho kama mtu aliyefungua mlango wa bafu kwa bahati mbaya. Akaenda zake. Mwanaume huyu anashika damu mchana kutwa bila kutetemeka, lakini maneno ya kompyuta yanamkimbiza.

Mimi nayapenda. Watu wanayaogopa kwa sababu ni marefu na ni ya Kiingereza, wanafikiri wanagombezwa. Mashine haigombezi. Inasimulia: nilikuwa nafanya kazi hii, iliniita kazi ile, nikaanguka mstari huu. Unaanza kusoma chini, maana neno lenyewe liko mwisho. Leo mwisho imeandikwa kwamba namba ya simu haikubaliki. Basi. Namba moja mbaya, na wote waliokuwa nyuma yake kwenye foleni wamekosa ujumbe.

Ningecheka kama si Neema. Mdogo wangu yuko Kilembwe kwa wakwe zake, na jina lake limo katika orodha ya mwezi huu. Mtoto wa kwanza alitolewa kwa kupasuliwa, na hakuishi. Huyu wa pili hawezi kuzaliwa kule juu. Mume wake anachimba dhahabu Lulimba, kwa hiyo mwenye neno nyumbani ni mama mkwe, Mama Etabo. Naye alishasema: muke wa mutoto wake hatashuka kwa maneno ya dada, atashuka hospitali yenyewe ikimwita. Sisi tukimtuma mtu kumchukua, itakuwa tumekwenda kumnyang'anya binti yetu. Kichwa ngumu, yule mama. Hivyo Neema anangoja programu yangu.

Jumanne, 5 Novemba

Alimasi amepanda Fizi alfajiri kwenye kliniki ya akina mama. Atarudi Ijumaa. Nimemfungia samaki wa kukaanga, mikeke. Hakuuliza habari za wekundu wa jana, nami sikumweleza.

Nimefungua debaga. Ni programu inayoisimamisha programu nyingine katikati ya kazi. Unachagua mstari, unaweka kituo, na ikifika pale inasimama na kukufungulia kiganja uone imeshika nini. Nimeisimamisha kabla tu ya kutuma. Imefungua kiganja: namba ya simu yenye tarakimu moja zaidi. Sifuri imeongezwa mwishoni.

Kidole kimeteleza, nikasema. Nikaifuta ile sifuri, nikahifadhi. Wekundu mpya, mfupi: namba hii ina mwenyewe tayari.

Nimekasirika kidogo. Kosa moja halikai peke yake, lina ndugu.

Nikaiambia programu iwaruke wenye namba mbaya, iwatumie wenye namba nzima. Imetuma. Taa ya modemu inayopeleka ujumbe imechezacheza, nami karibu nicheze nayo. Jioni nyumbani nimemwambia Mama yetu kwamba Neema ameitwa. Ameinua mikono juu, akaenda moja kwa moja kufagia chumba cha nyuma.

Jumatano, 6 Novemba

Mvua mchana kutwa. Betri zimekufa saa sita. Sikufanya kitu.

Mama ametwanga sombe, majani ya muhogo, akanicheka kwamba nakaa na kompyuta iliyozimwa mapajani kama kuku anayelalia mayai. Nikamweleza kwamba bado sijui zile namba mbaya zilitoka wapi, najua tu zinaangukia wapi. Akasema bila kuacha kutwanga: usiangalie ulipoangukia, angalia ulipojikwaa. Hii anamwambia kila mtoto mwenye goti lililochubuka. Leo nimeiona ni maneno ya fundi.

Ametandika mkeka mpya katika chumba cha nyuma. Anasema Neema akishajifungua si atakaa kidogo. Kidogo ya Mama naijua. Hata mimi naitaka kidogo hiyo. Kule juu mdogo wangu anateka maji bondeni na mumewe haonekani.

Alhamisi, 7 Novemba

Jua limerudi. Badala ya kuwaruka wenye namba mbaya, nimeiambia programu inionyeshe majina yao.

Neema yumo.

Jina lake, kijiji chake, mimba ya pili, alipasuliwa. Na namba yenye sifuri mwishoni. Ujumbe haukuondoka. Nimemdanganya Mama bila kujua.

Nimetulia, nimeweka kituo mahali pengine, si penye kutuma bali penye kuandikisha. Nimewapitia wote wenye namba mbaya. Kila mmoja ana sifuri hiyohiyo, palepale mwishoni. Mwingine ana mbili. Kidole hakitelezi kwa adabu namna hiyo. Huyu ni mtu, na anajua anachokifanya.

Programu inaandika nani aliyeandikisha. Nimeangalia. Alimasi. Wote Alimasi.

Nimempigia, simu yake haipatikani. Kule kwenye kliniki mtandao unapatikana ukipanda kilima, na yeye hapandi kilima akiwa na foleni ya akina mama. Ningeifuta sifuri ya Neema, nimtumie kwa mkono. Lakini nikiifuta, mashine inaniambia namba ni ya mama mwingine, wa Kilembwe pia. Sasa ni ya nani? Nimeipiga, haiiti. Neema hana simu, salamu zake huzileta watu wanaoshuka sokoni. Nikituma pasipo penyewe, Mama Etabo atasikia kwamba hospitali imemwita mwingine, si mkwewe. Hapo mlango umefungwa kabisa.

Nina hasira na mume wangu. Naandika hapa ili nisije nikaisema yote kesho.

Mama sijamwambia. Amepika ndagala, dagaa wa ziwani, nikala kwa shida.

Ijumaa, 8 Novemba

Amerudi na matope hadi magotini, na mkungu wa ndizi aliopewa na mgonjwa. Sikumpa hata maji. Nikamgeuzia skrini. Akataka kufumba macho, nikamwambia fungua.

Hakubisha. Alikaa kwenye ndoo iliyofunikwa, akaeleza taratibu, kama anavyowaeleza wagonjwa.

"Mama anatoka Kilembwe, miguu imevimba. Mashine iko nasema namba iko ya mwingine. Mi nimuambie nini? Arudi akatafute simu? Nikatia sifuri, ikakubali. Wakati wa kupiga, mi najua, ile sifuri naiacha."

Nikamuuliza sasa anayepiga ni nani.

Akaitazama modemu. "Sasa iko napiga mashine," akasema. Na uso wake ukaanguka.

Ndivyo ilivyokuwa. Kilembwe, sehemu ile anayokaa Neema, simu yenye moto siku zote ni moja, ya Mama Pasta, mke wa mchungaji, kwa sababu ana kibao cha jua juu ya paa. Akina mama wote wa mtaa wanatoa namba yake. Na mimi, wakati naandika programu, niliweka sheria: namba moja, mama mmoja, ili mtu asiandikwe mara mbili. Wa kwanza akapita. Wa pili akakataliwa, Alimasi akamtia sifuri. Wa tatu sifuri mbili. Kwa kuwa alipiga mwenyewe, alizipunguza kichwani, na kila mama alipata habari yake. Mwezi huu nimemwondolea kazi ya kupiga, naye hakukumbuka kuniambia. Kwake lilikuwa jambo dogo kama kuweka kijiti mlangoni usifungwe na upepo.

Nilitaka kumgombeza mpaka nimalize. Nimeshindwa. Amemwandikisha shemeji yake kwa sifuri, kwa huruma, na mwenye kuweka mlango usiopitika ni mimi. Hapa Baraka penyewe sisi tulikua tukitumia namba ya jirani. Nilikuwa najua. Niliiacha nje ya programu kama viatu.

Nimempa maji. Kisha nimemwambia kwamba ujumbe wa Neema nao haukuondoka. Amesimama, akakaa, akasimama tena.

Jumamosi, 9 Novemba

Kazi pamoja. Sheria ya namba moja mama mmoja nimeing'oa. Sasa mama anatambulikana kwa jina, kijiji na mimba yake, na simu inaweza kuwa ya kijiji kizima ikipenda. Ujumbe nao unaanza na jina la mwenyewe, maana atakayeusoma kwanza si yeye.

Kila nilipojaribu, wekundu. Alimasi nimemkalisha mbele ya skrini na kumlazimisha asome. Alisoma kama mtoto wa darasa la kwanza, kidole kwenye kioo, kutoka chini kupanda juu. Mara ya kwanza akalalamika. Mara ya tatu akasema yeye mwenyewe, kabla yangu, kwamba huu haulalamikii namba tena, unalalamikia jina lililo tupu. Na ni kweli. Amejivuna hadi chakula cha mchana. Nimempenda sana leo, nimeona niandike.

Sifuri tumezitoa zote. Yeye anataja jina la mama, mimi nafuta.

Ujumbe wa Neema umeondoka: hospitali inamwita ashuke wiki hii, asisubiri uchungu. Nimeomba modemu irudishe jibu ukifika. Jibu halijarudi. Imeandika tu: inasubiri.

Jumapili, 10 Novemba

Inasubiri.

Kosa lina maneno, unalisoma. Hili halina. Alimasi amepiga, haiiti: simu ya Mama Pasta imezimwa au mtandao wa Kilembwe umelala, na mashine haijui, na mimi sijui.

Nimemwambia Mama ukweli. Hakulia. Ametaka kumtuma mwenye pikipiki amchukue Neema leo hii, wakwe wakasirike watakavyo. Alimasi alimwomba angoje siku moja tu. Mama alinitazama mimi. Nikasema tungoje. Sijui kama nimesema vizuri. Kanisani sikusikia hata wimbo mmoja.

Jumatatu, 11 Novemba

Umefika! Modemu imeandika: umepokelewa. Nimepiga kelele, mfamasia akaja mbio akifikiri ni nyoka.

Jumatano, 13 Novemba

Hakuna mtu. Mvua. Lori la chumvi limekwama juu ya Fizi na magari yamefunga njia. Umepokelewa maana yake simu imeupokea, kisha mtandao wa Kilembwe umelala tena, tukipiga haiiti. Haisemi kama kuna aliyeusoma. Haisemi kama Mama Etabo amekubali. Nimeifungua programu mara nyingi bila sababu, kama mtu anayefungua chungu kisicho na kitu.

Alhamisi, 14 Novemba

Naogopa. Sina zaidi ya hilo leo.

Ijumaa, 15 Novemba

Wamekuja.

Pikipiki mbili zimeingia uani hospitalini mchana. Ya kwanza Neema katikati, ameshikiliwa nyuma na Mama Etabo mwenyewe. Ya pili mama mwingine wa Kilembwe, aliyekuwa na sifuri mbili. Wote rangi ya matope. Neema alinicheka kabla sijamfikia, kisha akashika tumbo, na kicheko kikakatika.

Uchungu ulimwanzia kwenye barabara ya kushuka Fizi. Alimasi alimpokea, akamwita daktari mbio. Wamemwingiza moja kwa moja chumba cha upasuaji. Mama alikuja na kitenge kimoja tu begani, amesahau kujifunga cha pili.

Mtoto wa kike. Anapiga kelele vizuri. Neema mzima. Daktari amesema jambo ambalo sitaki kuliandika, kuhusu lile kovu la zamani na kama wangechelewa hadi kesho.

Jumapili, 17 Novemba

Mama Etabo anafua vitambaa vya mtoto mwenyewe, hampi mtu. Nilikwenda kumsaidia kusuuza. Alinisimulia kwamba Mama Pasta aliusoma ujumbe kwa sauti mbele ya maombi, jina la Neema kwanza, watu wote wakasikia. Asubuhi walitoka, lori likawazuia, wakalala njiani kwa watu wasiowajua.

Nilikuwa nimemwandalia maneno yule mama kwa muda mrefu. Maneno makali. Akaniwahi, mikono ikiwa kwenye povu.

"Mi sikukatala, mutoto wangu. Niliogopa akishuka kwenu hatapanda tena. Mutoto yangu iko Lulimba, kule juu mi niko na Neema tu." Akakamua kitambaa. "Muko nataka kumubakisha?"

Nikafikiria chumba cha nyuma na ule mkeka. Sikuweza kumdanganya.

"Ndiyo, mama. Tulitaka."

Akatikisa kichwa, hakukasirika. "Hata mi ningetaka," akasema. Tukaendelea kusuuza.

Jumatano, 20 Novemba

Neema amehamia chumba cha nyuma, na Mama Etabo pamoja naye, mkeka mmoja. Mama amenung'unika jikoni. Nimemwambia maneno aliyoniambia Mama Etabo tukisuuza. Akaenda kuuliza mgeni wake anakula sombe na nini.

Neema nimemuuliza mwenyewe, tukiwa wawili. Atapanda. Amesema kwake ni kule. Amesema polepole, akiogopa kuniumiza. Imeniuma. Nikamwambia mkwe wake anaogopa bure basi, akajibu kwamba Mama Etabo haogopi bure, anaogopa kwa sababu anampenda, na kwamba kule juu ndiye aliyemshika usiku ule mtoto wa kwanza alipokufa. Hilo sikulijua.

Jumatatu, 2 Desemba

Orodha imetoka bila wekundu. Alimasi ameonekana kuhuzunika, alikuwa amekuja kusoma.

Jumamosi, 14 Desemba

Wameondoka leo. Gari la wafanyabiashara linalopanda Fizi, Neema ameketi mbele kwa sababu ya kidonda. Alimasi amemwambia dereva kuhusu mashimo mpaka dereva akachoka. Kuanzia Fizi jamaa za Mama Pasta watawachukua.

Mama Etabo alikuwa amembeba mtoto mgongoni tangu asubuhi, hakumpa mtu. Gari lilipowashwa alimfungua, akampa Mama mikononi. Kisha akaondoka, akaenda kusimama mbali kule kwa wauza mafuta, ametugeuzia mgongo, kama mtu anayetuacha tuamue sisi. Dereva alipiga honi. Hakugeuka. Alisimama hivyo hadi Mama mwenyewe alipomwita aje amchukue mtoto.

Tumerudi nyumbani kwa miguu. Mama amepika mapema.